Panya wa Mlimani na Mahindi ya Baba

Duka la baba lilinukia vitu vingi kwa pamoja, na hata leo nikifumba macho naweza kuvitenga kimoja kimoja: ngozi za ng'ombe zilizokuwa uani zikisubiri lori, sabuni ya mche, mafuta ya taa, kaniki mpya, vumbi la mahindi, na juu ya vyote ile harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa kwa moshi wa kuni. Kibuyu hicho kilikuja kila asubuhi mgongoni mwa mama mmoja wa Kibarabaig, aliyeshuka kutoka kwenye miteremko ya mlima Hanang akiwa amevaa sketi yake ya ngozi, na nyuma yake akifuatana na binti yake wa rika langu. Jina la binti huyo lilikuwa refu, likianza na Uda kama majina mengi ya wasichana wa kwao, nasi dukani tuliishia hapo hapo. Mimi niliitwa Mwajuma. Baba yangu, Mzee Ramadhani, alikuwa Mrangi aliyetoka Kondoa na kuja kufungua duka Katesh, wakati Katesh yenyewe ilikuwa mstari mmoja wa mabati, msikiti mdogo wa udongo na kiwanja cha mnada. Mama alikuwa Mnyaturu. Nyumbani tulisema Kiswahili, kwa sababu kila mmoja wao alidai lugha ya mwenzake inamkwaruza koo.

Baba alikuwa na majivuno ya jambo moja tu, lakini yalikuwa makubwa. Aliamini kwamba katika wilaya nzima ya Mbulu hakuna mahindi safi kama yake. Mteja akiingia, kabla hajasema anataka nini, baba alizamisha mkono ndani ya gunia, akainua punje na kuziacha zimwagike tena kati ya vidole. "Haya hayana mdudu," alisema. "Mahindi ya Ramadhani unaweza kumpa mtoto mchanga." Mtoto mchanga angefanya nini na mahindi makavu sijui, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza. Naye mama alikuwa na majivuno yake, nayo yalikuwa usafi. Alifagia mpaka ardhi ikawa inang'aa, na alifuga paka mnene aliyeitwa Karani, kwa sababu muda wote alikaa juu ya kaunta akiwatazama watu bila kuwafanyia kazi. Hata hivyo Karani aliujua wajibu wake mmoja, na katika nyumba yetu panya hakuonekana hata kivuli.

Masika ile ninayoikumbuka, usafi huo ndio ulioleta balaa. Zilifika habari kwamba tauni imeonekana vijijini upande wa pili wa wilaya, na serikali ya Mwingereza ikatoa amri: kila nyumba ilete mikia ya panya siku ya mnada. Bwana Afya alikaa chini ya turubai karibu na zizi la kuuzia ng'ombe, kijana mwembamba mwenye suruali fupi iliyopigwa pasi, aliyetoka mbali kiasi kwamba baridi ya Katesh ilimfanya apige chafya mchana kutwa. Watu walimpelekea mikia iliyotungwa kwenye kamba ya katani. Wapo waliokata mkia mmoja vipande viwili, naye akavirudisha vipande bila hata kukasirika, akicheka peke yake. Lakini nyumba isiyoleta mkia ilihesabika kuwa ni nyumba inayofuga panya kwa uvivu, na adhabu yake ilijulikana. Vitu vyote vingetolewa nje, sakafu ingechimbwa na paa kufunuliwa, mvua iwepo isiwepo. Sisi tulikosa mkia kwenye mnada wa kwanza. Baba akaeleza habari za Karani, na watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Bwana Afya alimwambia kwa upole, "Mzee, mimi nimeambiwa mikia. Sikuambiwa paka."

Mama hakulala vizuri kwa aibu. Ati yeye, aliyekuwa akiosha hadi kuni, aonekane mchafu kwa sababu hana panya! Uda na mama yake walipofika asubuhi na maziwa, aliwamwagia yote yaliyokuwa moyoni mwake. Mama Uda alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota, "Panya iko mlimani. Mingi. Nyasi ile ya ndama, chini yake panya tu." Mama aliwaka kwa furaha kama taa iliyoongezewa utambi. Siku hiyo hiyo mimi na Uda tulipewa kikapu na kutumwa mlimani tukaokoe paa la nyumba yetu.

Pale msitu wa Hanang unapoishia, palikuwa na ukanda wa majani marefu uliokuwa haukauki kabisa, hata kiangazi, kwa sababu ukungu wa asubuhi uliulowesha. Huko ndiko ndama wa akina Uda walikolishwa wakati bonde lote limegeuka vumbi. Uda alipiga magoti, akayafunua majani kwa mikono miwili, na chini yake nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Kulikuwa na vijia. Vilikuwa vyembamba, safi, vimesagwa na nyayo ndogo, vikipindapinda na kukutana kama njia za watu kwenda kisimani. Hapa na pale pembeni mwa njia palikuwa na vijirundo vya mabawa ya kumbikumbi na miguu ya panzi, mabaki ya mtu aliyekula na kuondoka. Tulikaa kimya mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akapita, mchana kweupe, bila haraka: panya mfupi, mnene, wa rangi ya udongo uliolowa, na tumbo lenye wekundu wa kutu. Nywele zake zilisimama ngumu kama za brashi ya viatu. Wabarabaig walikuwa na jina lao kwa mnyama huyo, ila ulimi wangu haukuliweza, nami nikamwita Brashi, naye Uda akalipenda jina hilo kuliko la kwao.

Nilimrukia na kumshika mkia. Alitoa mlio mwembamba, akajisokota mara moja, na akaenda zake. Mkia ukabaki mkononi mwangu. Nililia kwa hofu, nikidhani nimemuua, lakini Uda alikuwa akigaragara kwa kicheko. Alinionyesha kwa vidole jinsi anavyokuwa: mkia wa panya huyu hukatika kirahisi kama ganda la maharage, ukishakatika hauoti tena, na mwenyewe huendelea na shughuli zake. Ngozi yake pia ni laini mno chini ya nywele zile ngumu, ukimbana huchanika mkononi, kwa hiyo mwewe na paka mwitu mara nyingi huondoka na kipande badala ya chakula. Tuliporudi nyumbani tulikuwa na fungu la mikia na hatukuwa tumeua hata panya mmoja. Mama aliitunga kwenye kamba, akaisifu kama shanga. Siku ya mnada paa letu likapona.

Basi masika ile tukawa watu wa mlimani. Kila baada ya maziwa kupimwa tulipanda, kwanza kwa ajili ya mikia, baadaye kwa ajili ya panya mwenyewe. Tulijua kwamba Brashi hapandi miti na wala haruki sana, hupita chini kwa chini akinusa. Tulimwona akifukua udongo laini na kuvuta nyungunyungu, akishikilia upande mmoja huku nyungunyungu naye aking'ang'ania chini. Tulimwona akivizia kando ya msafara wa siafu, akidaka mmoja mmoja upesi na kupangusa pua kwa mikono kila alipoumwa. Siku moja tuliinua gogo lililooza tukakuta kiota cha majani makavu, ndani yake watoto wawili ambao macho yao hayajafunguka, na ajabu ni kwamba tayari walikuwa na nywele. Tulirudisha gogo polepole. Sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile, furaha ya kujua kitu ambacho watu wazima wa nyumbani kwetu hawakuwa na habari nacho na hakimdhuru mtu.

Kumbe Bwana Afya alikuwa na macho. Kwenye mnada mmoja aliinua kamba yetu, akaitazama karibu na pua, akapiga chafya, akaitazama tena. Mikia ya watu wengine ilikuwa mirefu, mitupu, yenye magamba. Ya kwetu ilikuwa mifupi, yenye nywele, myeusi juu na myeupe chini. Akamwuliza baba imetoka wapi. Baba hakuwa mtu wa kusema uongo, akanyoosha kidole mlimani. Uso wa yule kijana ukabadilika, akasema kwa sauti ya mtu anayejutia kazi yake kwamba ikiwa panya ni wengi kiasi hicho karibu na mji, basi majani yale yatafyekwa na kuchomwa yote, kuanzia ukingo wa msitu mpaka chini, mara tu jua litakapopata siku chache za kuyakausha. Mama Uda alikuwa amesimama hapo na kibuyu chake. Alielewa kila neno. "Nyasi ikiungua," alisema, "ndama yangu itakula nini? Kiangazi inakuja. Itakula mawe?"

Mama yangu alitazama chini, kwa sababu kikapu kilichotupeleka mlimani kilikuwa chake. Njiani Uda hakunisemesha, na alipofika mlangoni petu hakuingia. Niliumia sana. Nilijua kwamba bila ndama hakuna ng'ombe, na bila ng'ombe watu wa Uda wangehama kufuata malisho, na mimi nisingemwona tena. Baba aliona nilivyokaa juu ya gunia bila kula, akavaa kofia yake na kurudi kwenye turubai. Sijui alisema nini huko kwa muda wote ule, lakini alirudi na Bwana Afya mwenyewe, na walikuwa wamekubaliana jambo.

Bwana Afya alilieleza vizuri hata sisi watoto tukaelewa. Panya wa kuogopwa, alisema, ni yule anayefuata nafaka, kwa maana anayefuata nafaka huingia nyumbani, na akiingia nyumbani viroboto wake huhamia kwa mtu. Kama panya huyu wa mlimani anakula nafaka, majani yatachomwa, hakuna njia nyingine. Kama hali nafaka, yeye Bwana Afya atamweleza mkubwa wake kwamba hakuna sababu ya moto. "Nileteeni mzima," alisema, "tumwekee chakula tumtazame. Mimi sina haja ya kuchoma malisho ya mtu bure."

Uda ndiye aliyemkamata. Hakumgusa kwa mkono. Alilaza kibuyu kizee kwenye kijia, akaweka kumbikumbi ndani, na Brashi akaingia mwenyewe kama mgeni aliyekaribishwa. Tulimshusha mjini tukibadilishana kubeba, tukamtia kwenye debe la mafuta ya taa lililooshwa na kuwekewa udongo na majani. Ilipofika saa ya jaribio, baada ya chai ya asubuhi, duka lilikuwa limejaa. Wateja walikuja, wauza ng'ombe walikuja, fundi cherehani aliacha nguo ya bibi harusi kwenye mashine akaja. Karani alifungiwa chumbani na huko akawa anatukana. Baba aliweka ndani ya debe mtama, ulezi, na mahindi yake mwenyewe, akisema kwa sauti ili wote wasikie kwamba kama kuna panya atakayeyakataa mahindi ya Ramadhani, basi huyo panya hajui kitu kizuri.

Brashi alijikunyata pembeni kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuzunguka. Alinusa mtama, akaupita. Alikanyaga ulezi bila kuutazama. Mtu mmoja akadondosha panzi, naye akamla kuanzia kichwani, watu wakapiga makofi. Mama Uda hakupiga makofi, alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili. Alasiri ilipokaribia na watu wakaanza kuchoka, panya alikwenda kwenye mahindi. Akainua punje moja kwa mikono yake midogo. Akaigeuza, akainusa, akaigeuza tena, na tukasikia meno: kwaru, kwaru, kwaru. Bwana Afya alinyoosha mgongo. "Amekula," alisema taratibu. "Pole, mama."

Uda alinishika mkono akauminya hadi ukauma. Lakini baba alikuwa ameinama juu ya debe, hajainuka. Aliingiza mkono, akaichukua ile punje ambayo panya alikuwa ameitupa, akaitazama karibu na dirisha. Nilikuwa ubavuni mwake nami nikaona alichokiona. Punje ilikuwa nzima, ila ina shimo moja la mviringo, limepanuliwa kwa meno, na ndani yake ni tupu. Baba aligeuza kichwa akawatazama watu waliojaa dukani, wateja wake wote, watu aliowaambia miaka yote ile maneno yale yale. Kwenye paji lake la uso jasho lilikuwa limetoka, na siku hiyo haikuwa ya joto. Angeweza kuidondosha ile punje chini akaikanyaga, na duka lake lingebaki na jina lake. Aliinua mkono juu.

"Hajala mahindi," alisema. "Amekula fukusi. Fukusi wangu."

Baba akazamisha mkono katika gunia, akatoa konzi ya punje, akaanza kuzipasua moja moja kwa ukucha juu ya kaunta, mbele ya watu. Zilizokuwa safi aliziweka kulia, zenye mdudu kushoto, na za kushoto hazikuwa chache. Alichukua punje nyingine zenye matundu, ambazo hakuzipasua, akazitia ndani ya debe pamoja na zile safi. Brashi alizipita safi kana kwamba ni kokoto. Zenye fukusi alizishika, akatoboa, akamvuta mdudu, akaitupa punje. Akafanya hivyo tena na tena, na Bwana Afya akawa amepiga magoti kwenye sakafu ya mama, suruali yake ya pasi yote vumbi, akitabasamu kama mtoto. "Huyu ni daktari wa mahindi," alisema. Kisha alimchana Brashi manyoya juu ya kitambaa cheupe, kwa upole sana, akitafuta viroboto, asipate hata mmoja, akasimama na kumwambia Mama Uda kwamba hakutakuwa na moto. Nilimpenda baba siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, na nililia mbele ya wateja bila aibu.

Jioni hiyo yeye mwenyewe alikuwa hana raha. Alikaa mlangoni akipigapiga kofia kwenye goti. Mama, ambaye kwa kawaida angemsema kwa wiki nzima kuhusu mdudu katika nyumba yake, alimletea chai na kumwambia, "Kesho tunaanika." Kesho yake magunia yote yalimwagwa juani, na mji mzima ukapita ukaona. Wapo waliohamia duka la jirani. Lakini baba alianza desturi mpya: aliweka bakuli la punje juu ya kaunta, na kila aliyekuja kununua aliambiwa, "Pasua kwanza." Wengi waliohama walirudi polepole, kwa sababu kwa jirani hakuna aliyewaruhusu kupasua. Brashi tulimrudisha kwenye kijia chake ndani ya kibuyu kile kile, na kiangazi kilipokuja ndama wa akina Uda walishiba.

Sasa mimi ni bibi wa vitukuu, na nimekaa Babati miaka mingi. Duka la baba lilishabomolewa, mahali pake wanauza simu. Mashamba yamepanda mlima kuliko nilivyowahi kufikiri yatapanda, na mwaka ule matope na mawe yaliposhuka kutoka Hanang mpaka mjini, tuliwalilia watu wetu, na katikati ya kilio kile nilijiuliza pia habari za viumbe wadogo wa huko juu. Baadaye kijana mmoja msomi aliniambia jambo lililoniondolea huzuni kiasi. Alisema wataalamu wamempima yule panya wetu, wakaona ni wa aina yake peke yake, anayeishi mlima ule tu, na kwamba bado yupo. Mimi na Uda tulikuwa tumecheza naye bila kujua kwamba dunia nzima haina mwingine.

Mwaka huu nilikwenda kumtembelea Uda. Anaishi kwa wajukuu wake, chini ya ule ukanda wa majani, ambao umepungua lakini upo, na ndama walikuwa humo. Maziwa sasa huteremshwa kwa pikipiki katika madumu ya plastiki, ila kwa ajili yangu alikuwa amefukiza kibuyu, na harufu ilinipokea kabla yeye hajatoka ndani. Nilikuwa nimemletea debe la mahindi kutoka sokoni Katesh, nikayasifu kama mjinga, nikasema muuzaji ameniapia hayana mdudu. Uda aliingiza mkono ndani ya debe. Alichagua punje moja, akaipasua kwa ukucha, akaisogeza karibu na macho yake yaliyofifia, halafu akaniwekea kiganjani. Fukusi alikuwa ndani, mzima, anatikisa miguu.

"Mwajuma," aliniambia, "hii ya baba yako."

Tulicheka mpaka wajukuu wakatoka kutazama kuna nini. Kisha akaichukua tena ile punje pamoja na mdudu wake, akajikongoja na fimbo mpaka ukingo wa majani, akayafunua kwa mkono. Kijia kilikuwepo, chembamba na safi, na mabawa ya kumbikumbi pembeni. Akaiweka hapo katikati ya njia, nasi tukakaa chini kimya, vikongwe wawili, kumsubiri mwenyewe apite.